Mahari Si Shida

Wiki ile ile aliyorudi kutoka Diani, maziwa ya Wakiuru yaliingia chumvi. Mathenge, anayekusanya maziwa pale Mweiga, alionja kidogo, akatema, akamrudishia mtungi wake. Wakiuru alikasirika hadi masikio yakamwasha. Ng'ombe alimlisha mwenyewe, akamkamua mwenyewe, na ile nyumba ya mabati aliijenga mwenyewe baada ya kumtoroka mume aliyekuwa akimpiga. Katika boma lile hapakuwa na kitu cha mtu mwingine, na aliapa itakuwa hivyo mpaka siku ya kuzikwa.

Wakiuru naye akaonja. Haikuwa chumvi ya jikoni. Ilikuwa ya bahari, na ilinuka mwani.

Alipoingia ndani alikuta mchanga mweupe kitandani, na blanketi limelowa upande wa ukutani, upande asiolalia. Ukungu ulianza kushuka kutoka Aberdare kama kila jioni, lakini jioni hiyo ulishuka na sauti, sauti ya maji yakivuta na kurudi nyuma ya nyumba, yakivuta na kurudi, mahali pasipo na mto wala bwawa, na kila yaliporudi yalirudi karibu zaidi, hata ng'ombe akaacha kucheua na kugeuza kichwa kuyatazama.

Wakiuru alimpigia simu Kafia, rafiki yake muuza mbuzi wa Nanyuki. Kafia ndiye aliyemshawishi waende baharini wikendi ile, wakapumzike kama watu. Alifika kesho yake alasiri, akasimama kizingitini akinusa, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu aliyezungumza naye kule ufukweni.

Wakiuru akakumbuka. Kafia alikuwa ameenda kununua madafu, naye amejinyoosha kwenye mkeka, kwa mara ya kwanza baada ya miaka hafikirii nyasi za ng'ombe. Mwanamume alisimama mbele yake akichuruzika maji, kanzu imemganda mwilini, akamwomba kwa adabu, "Niruhusu nikae nawe." Wakiuru alisogea kumpisha. Yule mtu alitabasamu, akageuka, akaingia baharini na kanzu yake, na Wakiuru hakumwona akitoka.

"Ulimjibu nini?" Kafia akauliza.

"Nirimwambia akae tu, mahari si shida."

Kafia alijishika kichwa. Ulimi wa Wakiuru, kama ndimi nyingi za mlimani, haukujisumbua na herufi ya L. Uliigeuza R ukaendelea na safari zake. Mweiga nzima ingejua alimaanisha mahali, nafasi ya kuketi.

"Lakini huyo ni jini wa pwani," Kafia akanong'ona. "Aliomba kukaa na wewe, ukamwambia mahari si shida. Wakiuru, umejiozesha."

Kafia aliwahi kumsikia nyanya yake akisema kwamba jini akikubaliwa kwa neno, hukataliwa kwa neno lile lile, likitamkwa sawasawa. Basi wakakaa jikoni, mmoja mwalimu, mwingine mwanafunzi mkaidi. Mahali. Mahari. Weka ulimi juu. Mahari. Wakaendelea hivyo mpaka ukungu ukafunika dirisha, na yale maji yakaanza tena, safari hii yakazunguka nyumba nzima, yakagonga mabati, yakapenya chini ya mlango, baridi kama barafu, na mtungi uliokuwa mtupu mezani ukajaa maziwa pole pole bila mkono wa mtu, yakafika shingoni, yakatulia.

"Hodi, mke wangu," sauti ikasema nje, Kiswahili kimenyooka. "Mahari ndiyo hiyo. Kunywa, twende nyumbani."

"Sema hakuna mahali," Kafia akamsihi sikioni. "Na L. Tafadhali."

Wakiuru aliutazama mtungi, akamkumbuka msichana aliyekuwa yeye zamani, amesimamishwa mbele ya wazee, akaulizwa kama pombe ya posa inywewe, yaani kama anakubali kuolewa. Aliogopa macho ya baba yake, akasema inywewe. Kwa neno hilo moja alipata miaka ya ngumi. Hofu ilimtoka, ikabaki hasira tupu.

Akaubeba mtungi, akafungua mlango.

"Kwetu msichana huurizwa kwanza kama watu wanywe," akasema. "Wewe hukuniuriza. Sasa nimejibu. Hakuna mtu anakunywa. Na hapa kwangu hakuna mahari."

Akamwaga maziwa yote kwenye ukungu.

Maji yalinyamaza. "Umesema mahari," ile sauti ikauliza taratibu, "au mahali?"

"Chagua," Wakiuru akasema. "Zote hakuna."

Kitu kizito kikaburuzika kutoka uani, kikapita lango, kikashika njia ya Chaka kikivuta maji yake nyuma. Kafia alilia kwa sauti, kisha akacheka, kisha akalia tena.

Asubuhi maziwa yalikuwa matamu. Lakini kizingiti chote kilikuwa na ukoko mnene wa chumvi, mweupe, safi, wa kupendeza macho, kama mahari ya pili. Ng'ombe alikuwa amekata kamba. Alikuwa amefika mlangoni, shingo imenyooka, ulimi nje, amebakiza upana wa kidole kuugusa ule ukoko.

Wakiuru alimrukia, akamshika taya kwa mikono miwili.

"Rudisha urimi," akamwambia. "Hii boma haijakura kitu ya mtu."