Kamba wa Papa Constantin

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Cibalonza alibeba ndoo ya maji safi hadi nyuma ya nyumba yao, mtaani Nguba. Huko baba yake, Papa Constantin, alikuwa amejenga mabirika mawili ya saruji ili afuge kamba wa kuuza katika hoteli za Bukavu. Kamba wachanga waliletwa kwa ndege kutoka Kinshasa. Mfanyakazi wao, mzee Placide, aliwalisha kwa mkono wake, na maji yalipopoa aliongeza ya moto, kwa kuwa kamba hawavumilii baridi.

Jumamosi moja Cibalonza alichanganya dawa ya kunguni katika ndoo ileile, akanyunyizia vitanda. Kwa haraka ya kwenda kucheza, hakuisuuza. Aliteka maji, akayamimina katika mabirika yote mawili.

Kufika adhuhuri, kamba wote walikuwa wanaelea, wamekufa.

“Placide, uliwapa nini?” Papa Constantin aliuliza.

“Chakula cha kila siku tu, papa.”

“Nenda! Sitaki kukuona hapa tena.”

Mzee alivua kofia, akaondoka. Cibalonza alitazama chini, akanyamaza.

Siku tatu zilipita. Siku ya nne alimfuata baba yake.

“Papa, iko mimi. Ndoo ilikuwa na dawa.”

Baba hakumpiga. Aliketi kwenye ukingo wa birika tupu, akafunika uso kwa viganja. Kisha akamshika mkono, wakapanda hadi mtaa wa Kadutu, alikokaa Placide.

Walimkuta mke wa Placide akifunga mizigo, na mzee mwenyewe ameketi mlangoni. “Tunarudi kwetu, kisiwani Idjwi,” mke alisema. “Hapa majirani wanatuita watu wa sumu.”

“Muzee, nisamehe,” Papa Constantin alisema. “Nilikufukuza bila kuchunguza. Rudi kazini, na majirani nitawaambia ukweli mimi mwenyewe.”

Cibalonza alipiga magoti, akamweleza habari ya ndoo yenye dawa. Mzee alimtazama, macho yamejaa machozi.

“Nitarudi,” alisema. “Lakini sikia, mutoto. Kusahau kuosha ndoo, hata mimi ningeweza kusahau. Ila siku tatu nzima uliona nabeba kosa lako, ukanyamaza. Hilo ndilo limeniumiza. Siku nyingine ukikosea, sema siku ileile, hata kama unaogopa.”

Cibalonza alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.