Ukurasa wa Mashine

Kila siku baada ya shule, viti vya sebuleni viligeuka uwanja wa ndege. Mama, fundi cherehani, alikuwa ameshona kitabu cha vitambaa chenye picha za safari nzima: mlango mkubwa, foleni, dirisha la tiketi, mashine ya ukaguzi, mabenchi, ngazi, kiti chenye mkanda, na mwisho kabisa baba yao amefungua mikono. Baba alifanya kazi mbali, na hawakuwa wamemwona kwa miaka miwili.

Kitabu kilikuwa cha binti mdogo wa miaka saba. Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Kitinda ana usonji. Mambo yakienda kama alivyoambiwa, hutulia. Yakibadilika ghafla, kelele na taa humwingia zote kwa mpigo, naye huziba masikio na kulia mpaka sauti imkauke. Mkononi hakosi chujio la chai la plastiki, ambalo hupenda kutazama mwanga kupitia matundu yake.

Kazi ya kumfanyisha mazoezi alipewa dada yake wa miaka kumi na miwili. Huyo nyumbani walimwita Kiguunjia, maana kukaa kwake ni adhabu. Hata akila, mguu mmoja uko mlangoni.

Ukurasa wa mashine ndio uliomtoa jasho. Kitinda alitakiwa kuweka chujio ndani ya boksi la viatu, boksi lisukumwe chini ya meza, kisha alichukue upande wa pili. Kila mara aligoma, na huko nje wenzake Kiguunjia walikuwa wanaruka kamba na kumwita. Siku ya tatu uvumilivu ulimwisha. Alichukua mkasi wa mama, akafumua ukurasa ule na kuuficha chini ya godoro.

"Mashine?" Kitinda aliuliza, akigusa mahali palipokuwa na ukurasa.

"Mashine hakuna. Imeondolewa. Twende kwenye mabenchi."

Tangu hapo mazoezi yaliteleza kama maji.

"Mmemaliza zote?" mama aliuliza kila jioni, macho yakiwa kwenye sindano ya cherehani.

"Zote, mama."

Siku ya safari ilifika. Kiguunjia hakulala vizuri wala hakumaliza chai. Uwanjani alihama mguu huu kwenda ule, akatazama saa ya ukutani, akaitazama tena kabla mshale haujasogea. Kitinda alikuwa ametulia. Mlango, akafunua. Foleni, akafunua. Dirisha la tiketi, akafunua. Kisha mbele yao ikatokea mashine, ikinguruma, na mkanda wake mweusi unameza mabegi ya watu.

"Weka hicho hapa, mtoto mzuri," mkaguzi alisema, akinyoosha mkono kuelekea chujio.

Kitinda alitazama kitabu, akatazama mashine. "Mashine hakuna," alisema. "Mashine hakuna. Mashine hakuna." Akaketi sakafuni, akaziba masikio na kupiga ukelele uliogeuza vichwa vya foleni nzima.

"Siku hizi watoto hawafunzwi," mtu mmoja alinong'ona, kwa sauti ya kutosha kusikika.

"Ana usonji, dada yangu," mama alimwambia mkaguzi, huku amepiga magoti kando ya mwanawe. "Tumefanya mazoezi mwezi mzima. Hata mimi sijui kimempata nini."

"Pole, mama. Lakini hapa hakipiti kitu bila kukaguliwa, na ndege yenu inafunga mlango baada ya dakika arobaini. Asipotulia mtabaki."

Mama alimgeukia binti mkubwa. "Anasema mashine hakuna. Kaitoa wapi hiyo?"

Kiguunjia alimtazama mdogo wake pale sakafuni. Kusema "sijui" kulikuwa rahisi. Kitinda asingeweza kumbishia. Lakini mdogo wake alikuwa analia kwa sababu alimwamini, na jambo hilo lilimuuma kuliko hofu.

"Mimi nilimwambia," alisema. "Nilifumua ukurasa, mama. Nilitaka kwenda kucheza."

Mama aliinamisha kichwa tu. Afadhali angegomba. Mkaguzi ndiye aliyezungumza.

"Kumbe. Mimi nilidhani ni ukaidi tu. Njooni huku."

Mama akambeba Kitinda, na mkaguzi akawapeleka kwenye mashine ya pembeni isiyokuwa na watu, akamgusa Kiguunjia begani. "Wewe uliyeruka ukurasa, anza."

Kiguunjia alivua kiatu. Kikaingia, kikatoka. Akavua cha pili. Kikaingia, kikatoka. Kitinda alinyamaza kidogo, akachungulia kupitia chujio.

"Haya, sasa weka chako, tunachelewa," Kiguunjia alisema, na Kitinda akarudi nyuma hatua mbili.

"Usimsukume," mkaguzi alisema. "Rudia."

Akarudia. Kiatu, mkoba, kibanio cha nywele, kiatu tena. Saa ilikwenda, miguu ilimwasha, lakini alirudia bila kusema kitu. Mara ya tisa, Kitinda alisogea karibu.

"Inaingia," alisema. "Inatoka."

Akaweka chujio kwenye trei mwenyewe, akapita haraka, akangoja upande wa pili na mikono miwili mbele. Lilipotoka alilikumbatia kifuani, na mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Waliingia ndegeni wa mwisho kabisa. Walipofunga mikanda, Kitinda alimtazama dada yake.

"Itapiga kelele?"

Kiguunjia alitamani kusema hapana. "Ndiyo," alijibu. "Sana. Masikio yataziba kidogo. Halafu itapungua."

Kitinda alivaa vifunika masikio alivyopewa ndegeni kabla injini haijawashwa, akaegemea kiti.

"Njia ya mwongo ni fupi," mama alisema polepole. "Leo yako iliishia kwenye mashine, na nusura itubakishe sote. Mwanangu, kazi ukiiruka hubaki palepale ikikungoja. Na mdogo wako kila anachoambiwa hukibeba kama kilivyo. Mwambie lililo gumu, atajiandaa. Mdanganye, umemwacha peke yake."

Injini iliunguruma. Kitinda hakulia. Alinyoosha mkono, akamshika dada yake kidole.