Neno Ambalo Ornella Hakulisoma

Kila siku ya masomo, saa tisa mchana, Ornella alifunga kompyuta ya shule, akavaa barakoa na kushuka ngazi kuchukua barua. Waliishi ghorofa ya pili huko Mount Druitt, magharibi mwa Sydney, na masanduku ya barua ya wapangaji wote yalikuwa chini karibu na lango. Mwaka huo wa 2021, Corona ilipoufunga mji, kushuka na kupanda ngazi hizo kuligeuka kuwa safari yake ya siku.

Kusoma barua ilikuwa kazi yake, kama vile kuosha vyombo. Baba yake, Lazare, alisoma Kifaransa vizuri, lakini Kiingereza cha ofisini kilimshinda. Mama yake, Chibalonza, alifunga mizigo kwenye ghala na kurudi akiwa hoi. Kwa hiyo barua za umeme, za daktari na za shule zote zilipita kinywani mwa Ornella, mtoto wa miaka kumi na miwili. Zamani baba yake alifurahia sana saa hiyo.

"Madamu Wakili, leo wanasemaje?"

"Mabarua ni mbili, Papa."

"Barua ni mbili. Hiyo 'ma' umeitoa wapi?"

"Lakini umeelewa."

"Nimeelewa kwa sababu nimekuzaa."

Tangu mwezi wa sita utani huo ulikuwa umekwisha. Baba mdogo Venant, ndugu pekee aliyebaki wa Papa, alifariki ghafla huko Toowoomba, katika jimbo la Queensland. Papa aliendesha gari kutwa nzima kwenda kumzika. Jioni ya mazishi, watu waliokaa matanga walileta bia, naye akanywa kuliko alivyowahi kunywa. Alilala kwa muda wa saa tatu tu. Asubuhi akachukua gari kwenda kuwanunulia wafiwa mikate na maziwa. Polisi walikuwa wakisimamisha kila gari. Walimpa kifaa akapuliza, na kiwango cha pombe kikaonekana kimepita sheria.

"Nimeshalala," aliwaambia. "Pombe ilikuwa ya jana."

Kifaa hakikujua jana wala leo. Papa alirudi Sydney akiwa na karatasi ya mashtaka: kuendesha gari akiwa amelewa. Hakuwaficha watu wa nyumbani. Alisema, "Nimekosa," na wiki nyingi zikapita bila yeye kucheka.

Mwishoni mwa mwezi wa saba barua ya mahakama ikaja. Queensland ilikuwa imewafungia mpaka watu wa Sydney. Papa alikaa mezani, mikono yake mikubwa ikiwa juu ya magoti.

"Soma, mwanangu."

Ornella alisoma kwanza kimyakimya. Barua ilikuwa na mambo matatu. La kwanza, kesi ingesikilizwa tarehe kumi na moja mwezi wa nane. La pili, asiyeweza kuvuka mpaka kwa sababu ya Corona angeweza kupiga simu kabla ya siku hiyo, asikilizwe kwa simu. La tatu lilikuwa sentensi moja fupi: asipofika wala kupiga simu, mahakama ingeweza kutoa hati ya kumkamata.

Kumkamata. Kabla Ornella hajazaliwa, wanajeshi walikuja usiku nyumbani kwa wazazi wake huko Bukavu wakamkamata Papa. Alikaa gerezani miezi kumi na moja bila kosa. Ndani ya nyumba yao neno hilo halikutajwa. Mama akilisikia kwenye taarifa ya habari alizima redio. Ornella alimtazama baba yake, macho mekundu, mashavu yaliyobonyea, akaona hawezi kumtupia neno hilo.

"Wanasema kesi ni tarehe kumi na moja," alisema. "Na unaweza kupiga simu, kwa sababu mpaka umefungwa."

"Ninaweza. Siyo lazima?"

"Wameandika unaweza."

"Kuna lingine?"

"Hakuna, Papa."

Papa alipumua. "Basi. Wenyewe wamefunga mpaka, wanajua siwezi kufika. Hata kwetu, mtu akipata kesi Bukavu, akivuka mto Ruzizi akaingia Rwanda, kesi inabaki ng'ambo."

Ornella alijua kwamba Queensland si Rwanda. Jimbo lile na jimbo lao yalikuwa katika nchi moja. Lakini kumsahihisha kungemlazimu kusoma ile sentensi. Aliikunja barua akaiweka chini ya vitabu vyake. Tarehe kumi na moja ilifika ikapita. Papa hakupiga simu.

Siku nne baadaye Mama aliambiwa abaki ndani siku kumi na nne, kwa sababu mwenzake wa kazini alikuwa ameambukizwa. Ornella hakulala vizuri tena. Kila helikopta ya polisi iliyozunguka juu ya Mount Druitt ilimfanya akimbilie dirishani kuchungulia. Alijaribu kusali, lakini kila alipofika mahali pa kusema kweli mbele za Mungu, maneno yalimwishia.

Jumanne asubuhi mlango uligongwa. Ornella alifungua. Alisimama polisi mmoja, na nyuma yake wanajeshi wawili wenye mavazi ya kijani na barakoa.

Ornella alisikia sahani ikianguka jikoni. Mama alikuwa ameketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Papa alikuja polepole, rangi imemtoka usoni, akiwa amenyoosha mikono mbele pamoja, kama mtu aliyekwisha kufungwa zamani na ambaye mikono yake haijasahau.

Ornella akaanza kulia. Kwa Kiingereza aliwaambia, "Msimchukue. Hakujua. Ni mimi sikuisoma."

Polisi alishangaa. Aliinama kidogo akasema kwa upole kwamba hawakuja kumchukua mtu. Wanajeshi hawakuwa na silaha. Walikuwa wakipita kuhakikisha kwamba waliotakiwa kukaa ndani wamekaa, na kuuliza kama kuna chakula. Walimwona Mama, wakaandika jina lake, wakaaga.

Papa alifunga mlango. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini kilitosha.

"Hukusoma nini, Ornella?"

Alienda kuitoa barua chini ya vitabu. Safari hii aliisoma yote, mstari kwa mstari. Mama alikuwa bado ameshika kipande cha sahani.

"Leo ni tarehe ngapi?" Papa aliuliza.

"Ishirini na nne."

Papa alimpigia simu Mama Kasoki, mzee wa kanisa lao aliyeishi Auburn, mtaa mwingine wa Sydney. Kazi ya mama huyo ilikuwa ukalimani, hospitalini na mahakamani. Uso wake ulitokea kwenye simu, miwani imeshuka puani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Ornella.

"Ile sentensi, mwanangu. Hukujua Kiswahili chake, au hukutaka kuisema?"

Ornella alitamani kusema hakujua. Wote walimcheka kwa Kiswahili chake, wangeamini. Aliinamisha kichwa.

"Nilijua, Mama Kasoki. Nilimhurumia Papa."

"Nimekusikia. Mimi nimesimama chumbani daktari akimwambia mama fulani kwamba mtoto wake hataamka. Nilimtafsiria. Nilikwenda kulia garini, lakini nilimtafsiria neno zima. Lilikuwa lake, si langu." Kisha akamgeukia Papa. "Na wewe, Ndugu Lazare, mtoto si mkalimani. Umempa mzigo wa watu wazima, halafu unashangaa umemponyoka. Kuna mawakili wa bure. Piga leo, useme kwa mdomo wako. Mahakama ina wakalimani wake. Mimi siwezi kukutafsiria, maana ninakupenda, na anayekupenda anaweza kulainisha neno."

Papa alipiga siku hiyohiyo. Wakili alitazama akathibitisha: hati ya kumkamata ilikuwa imetolewa kweli. Aliomba kesi irudishwe, na mahakama ikakubali kumsikiliza Papa kwa simu mwezi wa tisa.

Siku hiyo Papa alivaa koti la kanisani na tai. Hakimu asingeweza kumwona, lakini simu ilipoita alisimama wima kando ya meza mpaka mwisho. Mkalimani alikuwa mwanamume wasiyemjua. Hakimu aliuliza kwa nini hakufika mara ya kwanza.

Ornella, aliyekuwa mlangoni, alifumba macho.

"Nilidhani kesi haivuki mpaka," Papa alisema. "Nilipewa barua, nikashindwa kuishughulikia. Na siku ile barabarani nilikuwa nimekunywa. Nilidhani usingizi umemaliza pombe. Ningeweza kuua mtoto wa mtu. Ninakubali kosa."

Hakimu aliifuta hati ya kumkamata. Alimtoza faini na kumkataza kuendesha gari kwa miezi minne, Queensland na Sydney pia. Papa alisema asante, akabaki amesimama hata baada ya simu kukatika.

Miezi minne ilikuwa mingi. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wazee wagonjwa kliniki kwa gari. Wenye kituo walimhamishia chumba cha kufulia nguo, saa chache tu kwa wiki. Mzee mmoja aliyemzoea alikuwa akiuliza kila asubuhi dereva wake yuko wapi. Na siku ya kuondoa matanga ya Venant, mpaka ulikuwa bado umefungwa. Waliimba wimbo wa mazishi mbele ya simu, sauti za Toowoomba zikichelewa, za Sydney zikitangulia, mpaka Mama akashindwa kuendelea.

Kesho yake Ornella alimsindikiza baba yake kwenda kituo cha treni. Walitembea mpaka karibu na daraja.

"Papa, umenisamehe?"

"Nilikusamehe palepale mlangoni. Swali ni kama tumejifunza." Alipunguza mwendo. "Mimi nilikunywa nikasema ni kwa ajili ya Venant. Wewe ulificha neno ukasema ni kwa ajili yangu. Venant hakuniomba kulewa, na mimi sikukuomba kufichwa. Huruma ikikosa kweli, mwanangu, inamwacha unayempenda gizani, na hatari inaendelea kumjia. Ukiona jambo linaniumiza, niambie, kisha kaa karibu nami. Hiyo ndiyo huruma."

"Nitakuambia, Papa."

"Na mimi nimejiandikisha darasa la Kiingereza, Jumatatu na Jumatano jioni. Nimechelewa, lakini Mungu hajafunga mlango wa shule."

Treni ilikuwa inaingia. Papa alivuta barakoa juu ya pua, akamwekea Ornella mkono kichwani kwa muda mfupi kama anayemwombea, kisha akapanda pamoja na watu wengine waendao kazini.