Mkate Uliolala Kifudifudi

Mkate ulikuwa umelala kifudifudi, na hakuna aliyeujali isipokuwa Solène.

Yeye na mumewe, Armel, walikuwa wageni hapa Lyon, wametoka Brest kwa treni. Mvua ya mchana iliwasukuma ndani ya kimgahawa kilichojibana kichochoroni: meza moja ndefu, kitambaa cha mirabaraba, harufu ya vitunguu na siagi inayomsahaulisha mtu shida zake. Armel alikuwa amepona ugonjwa, lakini hamu ya kula haikurudi. Solène alikuwa akimwona anayeyuka hivi hivi. Safari nzima ilikuwa ya kumtafutia sahani moja tu atakayoimaliza.

"Kaeni, wanangu," alisema Mama Philiberte, mwenye mgahawa. "Brest? Huko si mnakula mvua tu?"

Wateja wakacheka. Armel naye akatabasamu.

Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, na mbele ya kiti hicho ndipo ulipokuwa ule mkate. Bibi yake Solène hakuvumilia mkate uliopinduliwa. Kwao ni kuita balaa mezani. Mkono ukaenda wenyewe, akaugeuza.

Harufu ya siagi ikakatika. Ikaja harufu ya chuma kilicholowa.

Sahani zilipoletwa, Armel akaanza kula. Alimaliza sahani yake ya utumbo wa ng'ombe wa kukaanga, akavuta na sahani ya mkewe, na Solène, mapenzi yamempofusha, akafurahi hadi machozi yakamlengalenga, mpaka alipoona kwamba mumewe hatafuni, anameza tu, na shingo inavimba kila tonge linaposhuka, na vile vidole vyake vyembamba vimekuwa vinene vyenye nywele, na macho yake yanahama polepole kutoka shingo ya mteja mmoja hadi ya mwingine, yakizipima.

Mama Philiberte akainama sikioni mwa Solène. "Nani kaugeuza ule mkate?"

"Mimi. Bibi yangu alinifundisha..."

"Alikufundisha vizuri, ila si hapa. Kosa langu, sikuwaonya. Ule ni wa mkata vichwa, yule aliyewaua waliohukumiwa kifo. Alikuwa akila hapa zama za mababu, na hakuna aliyekubali kukaa naye. Alikufa, njaa yake haikufa. Tunampindulia mkate, anakula peke yake, anatulia. Umemnyang'anya, sasa kaingia kwa mumeo."

"Mtoe basi, mama."

"Hatoki mpaka mtu mwingine atoe mkate wake mwenyewe ampindulie. Na huyo ndiye atakuwa mwenyeji wake. Siyo leo tu, mwanangu. Maisha."

Tumbo la Armel lilikuwa limekaza kama ngoma, damu ikimchuruzika puani, na bado mkono ulikuwa unapeleka tonge.

"Solène," alinong'ona kwa sauti yake mwenyewe. "Sishibi."

Solène alichukua kipande chake cha mkate. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, lakini akakilaza kifudifudi.

Kisu cha mezani kikamponyoka Armel mkononi. Armel akakohoa, akavuta pumzi, akajifuta damu. "Nimeshiba," alisema, akijishangaa. Wateja walikuwa wameshasogeza viti vyao mbali na Solène.

Walitoka mvuani. Armel alimshika mkono wa kushoto, akipiga soga kuhusu watakachokula jioni, na moyo wa Solène ukajaa furaha. Mkono wake wa kulia nao ulikuwa umeshikwa, na kitu kizito, cha baridi. Hakuuvuta. Aliogopa kwamba akiuvuta, aliyeushika angezunguka upande wa pili, kwa Armel.