Sauti Niliyoiweka Ghalani

Jua lilikuwa linazama nilipotoka dukani kwa Nazir, boksi la kompyuta nimelifunga kwa mpira kwenye karia ya baiskeli. Upepo wa Dodoma ulikuwa umeshaanza vituko vyake, vumbi linaingia machoni, linaingia mdomoni. Watu niliopishana nao pale Uhindini walinitazama na kucheka. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, anasukuma baiskeli na takataka za Ulaya nyuma yake.

Nazir alikuwa ameniambia kabla sijaondoka, "Bwana Thobias, kompyuta ni nzima. Lakini hizo diski mbili ni mitumba. Sijui zimetoka wapi wala zilikuwa za nani. Zikifa usije kunililia hapa."

"Ndiyo maana nimechukua mbili," nilimjibu. "Moja ikifa, mwenzake anabeba kila kitu."

Ilikuwa mwaka 2003. Maofisi makubwa yalikuwa na mashine za kuhifadhia mafaili, za bei ya kumtoa mtu machozi. Mimi nilitaka ya kwangu ya nyumbani, ya bei ya makapi. Nyumbani tulikuwa na kompyuta mbili, moja sebuleni na nyingine chumba cha mbele, ambako mke wangu Edina alichapia watu barua na kadi za harusi. Nilitaka zote mbili ziweke vitu vyake mahali pamoja, mahali ambapo hakuna kitu kitakachopotea tena.

Edina alinipokea mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Baba Brightness, wenzio jioni wanaleta nyama. Wewe unaleta mabati?"

"Subiri uone," nikasema.

Nilipangusa vumbi kwenye feni ya mashine kwa brashi ya viatu. Nikafunga zile diski mbili, nikaweka programu ya bure niliyopewa kwenye CD na rafiki yangu wa chuoni, nikapitisha waya juu ya dari hadi vyumba vyote viwili. Mashine yenyewe haikuwa na kioo wala kibodi. Ilikaa stoo, pembeni ya magunia ya mahindi, ikiwaka usiku na mchana. Kwa sababu ya yale magunia tukaiita Ghala. Nilijivuna nayo, sitaficha.

Kitu cha kwanza nilichokiweka Ghalani kilikuwa sauti ya mama yangu, niliyoihamisha kutoka kwenye kaseti.

Katika ukoo wetu kule Kibakwe, mlango haufungwi kimya kimya jioni. Mwanamke mkubwa wa nyumba husimama kizingitini na kuwaita watu wake kwa majina, mmoja mmoja. Ukiitwa unaitika, hata kama umenuna. Akishawasikia, anauvuta mlango wa mbao, anatia komeo, na aliye ndani ni wa ndani. Mama alifanya hivyo maisha yake yote. Krismasi yake ya mwisho nilimrekodi kwa kaseti, nimesimama nyuma yake. Aliniita mimi, nikaitikia palepale. Akamwita Edina, akaitika kutoka jikoni. Akamwita binti yetu Brightness, ambaye yeye alimtamka kwa ulimi wake wa Kigogo, Bulaitinesi, naye akaitika mbali, kule zizini. Kaseti ikaisha kabla mlango haujafungwa.

Miezi michache baadaye mama akafa.

Baada ya kuanua tanga, shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuja kwetu Dodoma kumkabidhi Edina ile kazi. Edina ni mtu wa Iringa, na nyumba za mtaa wetu wa Chang'ombe zimebanana. Aliona aibu kusimama mlangoni akipaza sauti majirani wakimsikiliza. Walibishana kwa adabu mpaka chai ikapoa. Mimi nikasema hebu sikilizeni, nikaifungulia ile sauti kwenye spika za sebuleni.

Shangazi aliweka kikombe chini. Machozi yakamtoka.

"Wifi yangu!" alisema. "Basi. Mlango umeshapata wa kuuitia. Edina mwanangu, pumzika."

Sote tulifurahi. Nikaipangia Ghala iwe inaita yenyewe kila siku jua likizama. Shangazi akarudi Kibakwe na moyo mweupe.

Ikawa hivyo. Kila jioni spika zinakwaruza kidogo, kisha mama anaita. Mimi na Edina hatukuitika hata siku moja. Nani ataitikia spika? Lakini Brightness tulikuwa tumemlea. Mtoto akiitwa na mkubwa anaitika. Popote alipokuwa, hata akiwa na povu la sabuni kichwani, alijibu:

"Abee, bibi!"

Nasi tukawa tunamsifu kwa adabu yake.

Jioni moja nilikuwa nimekaa sebuleni peke yangu, namenya karanga. Mama akaita, "Tobiasi..."

Nikasubiri kuisikia sauti yangu ikiitika. Naijua kaseti ile neno kwa neno.

Haikuwapo.

Palikuwa na ukimya tu. Na ndani ya ukimya, mama anapumua. Anasubiri.

"Edina..."

Ukimya tena. Upepo kidogo.

"Bulaitinesi..."

"Abee, bibi!"

Hiyo ilikuwapo. Lakini haikutoka zizini tena. Ilikuwa karibu kabisa na mama, ubavuni pake. Binti yangu mwenyewe akaitika kutoka uani, na zile sauti mbili zikapishana kidogo. Niliziacha karanga pale pale.

Nilifungua faili. Lilikuwa limerefuka. Nilijiambia ni diski za mitumba, zina mambo yake. Nikalifuta. Kesho yake jua lilipozama mama akaita kama kawaida, na faili lilikuwa pale pale, refu kuliko jana. Nikaondoa mpango wa kuita jioni. Akaita. Nikazing'oa spika. Akaita kutokea stoo.

Kisha umeme ukakatika.

Mtaa mzima ulikuwa kimya, hakuna redio wala feni. Nilisimama mlangoni mwa stoo na tochi mkononi. Ghala ilikuwa imezimika, taa zake zote zimekufa. Niliigusa kwa kiganja. Ilikuwa baridi.

"Tobiasi..."

Ilitoka humo humo.

Nikasikia harufu. Moshi wa kibatari, samadi, na udongo wa nyumba ya tembe uliolowa. Harufu ya kwetu.

"Edina... Bulaitinesi..."

"Abee, bibi," binti yangu akajibu nyuma yangu. Sikujua alikuwa amefika saa ngapi.

Kkkrrr... Mlango wa mbao ukaburuzwa juu ya udongo. Ukaburuzwa kidogo tu, ukasimama. Nyumba yetu ina milango ya chuma.

Asubuhi Brightness alikataa uji.

"Nimeshiba, baba. Nimekula kwa bibi."

"Umekula nini?" mama yake akamuuliza, akitabasamu kwa kujilazimisha.

"Ugali na mlenda."

Edina aliushika mkono wa mtoto, akaunusa. Akanigeukia, na lile tabasamu halikuwapo tena. Nami nikaunusa. Vidole vilinuka mlenda na moshi.

Kuanzia hapo mtoto akaanza kukauka. Hospitali walimpima kila kitu kinachopimika, wakatuambia kwa huruma kwamba hawaoni ugonjwa. Mchana alilala. Jioni tu ndipo alipoinuka, akaitika, akalala tena. Kila siku sauti yake ilikuwa ndogo kuliko jana, na ile ya Ghalani ilikuwa kubwa kuliko jana, ya mtoto aliyeshiba na kucheza. Nilikuwa namwona mwanangu akihama, na sikuwa na mahali pa kumshikia.

Nikachukua nyundo. Nilikuwa tayari stoo nilipoambiwa shangazi amefika na basi la Mpwapwa. Nilikuwa nimemtumia salamu kwa kondakta. Aliuona ule mkono wangu ulioinuliwa, akaudaka.

"Shikamoo shangazi. Niache niivunje."

Hakuitikia hata salamu. Alininong'oneza, "Mtoto yumo ndani. Ukiivunja nyumba na mtu yumo, atatokea wapi?"

"Wewe ndiye uliyesema mlango umepata wa kuuitia!" Nilimkaripia shangazi yangu. Sijawahi kufanya hivyo kabla.

"Nilisema." Aliitoa nyundo mkononi mwangu. "Nilidhani ni kama redio, mwanangu. Kitu cha kutuliza moyo. Sikujua kwamba kinamshika. Marehemu huachwa apotee, Thobias. Anapotea pole pole, kwa sababu mwingine ameshika kazi yake. Sisi hatukumpa mtu kazi. Tumemwachia mwenyewe, naye anaifanya. Anakusanya watu wake."

"Tufanye nini?"

"Asiitike leo. Labda."

Labda. Hiyo ndiyo dawa aliyotoka nayo Kibakwe.

Jioni ile tulijifungia sebuleni wote wanne. Edina alimpakata mtoto, akamziba mdomo kwa pindo la khanga. Shangazi alishika miguu yake. Nje watoto wa jirani walikuwa wanaitwa wakaoge.

Tak... tak... tak...

Moja ya diski ilikuwa imeanza kugonga. Fundi yeyote anaujua mlio huo. Diski ikigonga hivyo, haina muda.

"Tobiasi..."

Sikujibu.

"Edina..."

Edina alifumba macho.

"Bulaitinesi... giza linaingia, mama."

Mtoto hakutikisika. Khanga ilikuwa imekaza mdomoni pake. Nilianza kupumua.

"Abee, bibi! Nipo hapa!"

Ilitoka stoo. Safi, ya furaha, na vicheko juu yake. Tulikuwa tumeziba mdomo ambao hauhitajiki tena.

Nilikimbia stoo. Nilipiga magoti kwenye mahindi yaliyomwagika, mbele ya lile boksi la bati.

"Mama, mwache. Ni mtoto huyu. Nichukue mimi."

Tak... tak...

Kisha mama yangu akasema, taratibu, bila hasira, "Nimekuita siku zote hizi, Tobiasi. Hukuitika. Aliyeniitika ni huyu."

"Niite sasa."

"Tobiasi..."

Neno lilikuwa moja tu. Naam. Nililisema maelfu ya mara nikiwa mtoto, hata usingizini. Nilifungua mdomo. Nikaliona giza la ile nyumba ya tembe, nikausikia moshi kooni... na ulimi ukagoma.

Niliogopa. Sina neno lingine la kuliremba.

Alfajiri ile diski iliacha kugonga. Nilipotoka stoo kuwaambia, nilimkuta Edina bado amempakata Brightness, anamchana nywele. Shangazi alikuwa amegeukia ukutani. Hakuna aliyelia mpaka majirani walipoingia.

Tulimzika Dodoma. Shangazi alisema tusimpeleke Kibakwe, kwamba kule tayari yuko.

Sikuivunja Ghala. Hata kama ningetaka, Edina asingeniruhusu. Diski iliyobaki ilibeba kila kitu, kama nilivyomtambia Nazir. Edina alihamishia godoro stoo. Aliacha kuchapa barua za watu, akaacha kwenda kanisani. Mchana alikuwa haneni. Jioni alikaa karibu na bati lile, sikio limeegemea juu yake, na mle ndani mtoto wetu alikuwa anaruka kamba, anacheka, anamuuliza bibi yake mambo ya mbuzi. Nilitaka kumwondoa pale. Nami nikajikuta nimekaa kando yake, nasikiliza.

"Anaonekana ana raha," Edina aliniambia siku moja.

"Mama Brightness, usiitike. Nakuomba."

"Sijaitika."

"Niahidi."

Alinitazama muda mrefu kwa upole. Hakuahidi.

Jioni aliyoitika nilikuwa naye, nimemshika mkono. Mama aliita jina langu, akasubiri, akaliacha. Akaita la Edina. Na Brightness, kutoka ubavuni pa bibi yake, akasema kwa hamu, "Mama, njoo! Chakula kinapoa!"

"Abee," Edina akasema. "Abee, mama. Nakuja."

Hakupiga kelele wala kuanguka. Alijilaza tu kwenye godoro. Kesho yake alikataa chai. Alisema ameshiba. Nilimpigia magoti, nikamlilia, nikamletea mchungaji, nikamletea na mganga kutoka Chamwino. Mganga alifika mlangoni mwa stoo, akanusa, akarudisha fedha yangu. Edina naye akakauka kama mwanawe, huku akitabasamu.

Sasa nyumba hii naishi peke yangu. Nimeifungia Ghala betri ya gari ili umeme ukikatika diski isisimame ghafla, ingawa najua vizuri kwamba mama hahitaji umeme. Ni woga wa fundi tu. Diski hii ya pili nayo imeanza. Tak... tak... Ikifa, sijui kama wao watapata njia ya kutoka, au kama nitakuwa nimewazika mara ya pili na nisiwasikie tena kamwe. Shangazi hajui. Mchungaji hajui. Hakuna wa kumuuliza.

Jioni hii jua limeshazama. Upepo unapiga bati. Mama ameita jina moja tu, kwa sababu ndilo lililobaki. Ameliita, amesubiri, ameita tena. Namsikia Edina akipanga sahani. Nasikia ule mlango wa mbao ukiburuzwa... na safari hii hausimami. Komeo linainuliwa.

Na sauti ndogo inasema haraka, kwa wasiwasi:

"Bibi, usifunge kwanza. Baba bado yuko nje."