Toleo la Jumamosi

Okemwa alirusha kreti ya nyanya nyuma yake bila kugeuka.

Kemuma aliiruka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ambayo nusu ya wauzaji wa soko la Keumbu huwa kanisani, lakini nusu iliyobaki ilitosha kuziba njia kwa mikungu ya ndizi. Wawili hao walipita katikati yake kama ng'ombe walioingia shambani kwa watu. Mikungu ilipinduka. Matusi ya Ekegusii yaliwafuata. Okemwa hakujali. Ndiye dereva aliyeonekana Alhamisi akimsukumia Celestine Bosibori ndani ya Prado nyeusi, na sasa alikuwa akikimbilia lori lililokuwa likirudi nyuma kupakia ndizi.

"Okemwa! Simama!"

Alisimama. Kisha akageuka, Beretta mkononi.

Risasi ya kwanza ilipasua tikiti maji. Ya pili ilimchana Kemuma bega. Ya tatu haikutoka, maana Glock 17 ya Kemuma ilikuwa imeshajibu. Goti la Okemwa lilifumuka, akaanguka chali nyuma ya lori. Dereva wa lori alikuwa amefungua redio kwa sauti ya juu.

Gurudumu halikusimama.

Kemuma aligeuza uso. Miaka tisa ya ujasusi haikuwa imemzoesha mlio wa mifupa. Hasira zilimpanda hata akataka kuupiga teke ule mwili. Mtu pekee aliyejua Bosibori amefichwa wapi alikuwa amelala pale, na hatasema tena.

Simu ililia sikioni.

"Umempata?" Alikuwa Jaffer, mwenzake wa idara, akiongea kutoka orofa ya duka la vitambaa la babake mjini Kisii. Nyuma ya majora ya vitambaa ndiko idara ilikoficha mitambo yake.

"Nimempata. Amekufa."

"Amesema nini?"

"Amekanyagwa na lori, Jaffer. Angesema nini?"

Jaffer akavuta pumzi. "Basi sikiza. Omonwa imetoa toleo jipya."

Omonwa, yaani mdomo kwa Ekegusii, ilikuwa programu ya Bosibori. Ajali ya barabarani iliua mishipa ya mikono yake yote miwili, na vidole vikakataa kibodi. Badala ya kukaa nyumbani Kebirigo akihurumiwa, alitengeneza kitu cha kumsikiliza: yeye aseme, mashine iandike. Akakitoa bure, wazi, yeyote akisome na kukirekebisha. Sasa waandishi wa programu wa nchi nzima walikuwa wakifanya kazi kwa midomo, wakiwemo wale wanaotunza mitambo ya kukagua mizigo katika viwanja vya ndege.

Hao ndio Kaspar Lind aliowataka. Lind alikuwa msafirishaji wa bunduki. Alitaka toleo lenye sikio la siri, limletee kila neno watakalotamka kazini, na nywila zao zote.

"Limepandishwa kwa sauti yake," Jaffer alisema. "Saa sita mchana linaenda kwa kila mtu, lenyewe."

"Limepandishwa lini?"

"Sasa hivi."

Kemuma aliacha kutembea. "Leo?"

"Leo, ndiyo. Kwani kuna nini?"

"Jaffer, huyo ni Msabato. Babake ni mzee wa kanisa. Tangu jua la Ijumaa litue hagusi kazi, hata umpe nini."

"Wallahi! Ndiyo maana kuna mtu wa Brazili ameniuliza. Wale wote wanaojitolea kwa Omonwa wanajua hiyo. Anasema miaka yote Bosibori hajawahi kupandisha kitu Jumamosi. Nimemwambia anyamaze kwanza."

Kemuma akaelewa, na moyo ukamuuma. Bosibori hakuwa amevunjwa. Alikuwa amekubali haraka, makusudi, siku ambayo kila anayemjua angeshtuka. Lind alijua kuvunja mbavu za watu, lakini hakujua leo ni siku gani katika nyumba ya Msabato. Angeuliza mtu yeyote hapo sokoni angeambiwa bure.

Sauti nzito iliingia kwenye laini. Mkuu wa idara, Nairobi.

"Zuieni hilo toleo."

"Mkuu, tukilizuia Lind anaona kwa kompyuta," Kemuma alisema. "Akiona, anamchinja."

"Na tukiliacha, kesho bunduki zinapita kila uwanja. Nakupa mpaka karibu na saa sita. Halafu Jaffer anazuia, uwe umefika au hujafika."

Mkuu akakata.

"Jaffer, ile rekodi iko?"

Bosibori alikuwa ameweka sheria mwenyewe: toleo lolote jipya lije na rekodi ya sauti yake akisoma, ili programu ijaribiwe nayo. Hata Lind asingeweza kulipandisha bila hiyo. Jaffer akaicheza. Sauti ya Bosibori ilisoma polepole, pua imeziba kwa damu au kilio. Nyuma yake, mbali, spika kubwa ilikuwa ikinguruma: *wana makambi, wale wa kubatizwa wateremke mtoni...*

"Makambi!" Kemuma alisema. "Wasabato wanalala mahemani wiki nzima wakiabudu. Nani ana makambi wiki hii?"

"Mimi Mwislamu ndio unaniuliza makambi?"

Kemuma alimgeukia mama aliyekuwa akiokota ndizi zake. "Mama, bwakire. Makambi ya Wasabato iko wapi wiki hii?"

Mama alimtazama bega lenye damu, kisha ndizi. "Iko Nyacheki. Bwanangu ameenda na blanketi yangu ile mzuri. Mimi ni Mkatoliki. Na hizi ndizi nani atalipa?"

Kemuma alikuwa ameshapanda pikipiki yake ya Yamaha.

Nyacheki ilikuwa kijani mpaka juu ya mlima, chai imesimama bila mchumaji. Mahema meupe yalijaa uwanja, na spika zilikuwa zikiwamwagia kwaya majirani wote watake wasitake. Kemuma alipitisha darubini ndogo juu ya mapaa. Mabati yenye kutu. Mabati yenye kutu. Kisha ghala la zamani la kupokelea chai, mlango umeoza, na juu yake dishi jipya la intaneti la Starlink.

"Nimewaona," alinong'ona.

"Harakisha. Mkuu ananipigia kila saa."

Alitambaa katikati ya michai. Mlinzi wa kwanza alikuwa akikojoa, AK-47 imening'inia mgongoni. Kemuma alimziba mdomo na kuzamisha kisu chini ya sikio. Damu ya moto ilimrukia kifuani. Alimlaza taratibu.

Wa pili akatoka ghalani na kikombe cha chai.

Walitazamana.

Kikombe kilianguka. Glock ilikohoa mara tatu kupitia kizuia sauti, na kwaya ya uwanjani ikameza yote. Yule mtu alikaa chini, akajishika tumbo, akafa ameduwaa.

Kemuma alipiga mlango teke.

Lind alikuwa amejiandaa. Mrefu, mwekundu kwa jua, kisu cha kuchinjia kimekandamizwa shingoni mwa Bosibori. Bosibori alikuwa amefungwa kitini, jicho moja limevimba likafunga, maikrofoni mbele yake, na kompyuta ikihesabu dakika kuelekea saa sita.

"Weka bunduki chini," Lind alisema kwa Kiswahili safi cha darasani. "Ama namkata."

Ncha ilizama kidogo. Damu ikateremka kwenye kola ya Bosibori.

"Jaffer," Kemuma alisema, bila kuishusha Glock. "Zuia."

"Si atamuua!"

"Zuia sasa!"

Skrini ikawa nyekundu yote. Lind alitupa jicho. Kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa ikifutika.

Bosibori hakuwa na mikono ya kupigania. Alikuwa na meno. Aliinamisha kichwa na kuuma kiganja chenye kisu mpaka akafika kwenye mfupa.

Lind alipiga ukelele na kujivuta.

Risasi ilimwingia chini ya jicho. Ukuta ulipakwa nyuma yake, naye akaanguka juu ya jenereta.

Kemuma alikata kamba. Bosibori alitema damu isiyo yake.

"Nyasae one, Mungu wangu," alisema. "Nimefanya kazi Sabato."

"Umeokoa watu."

"Nilijua watashtuka. Nilimwomba Mungu anielewe, nikasoma." Akalia, machozi yakapita kwenye uvimbe. Kemuma alimshika kichwa, akamwacha alie.

Sikioni, Jaffer alikohoa. "Dada, Mkuu yuko hapa kwa laini. Ile mbaya imefungwa kabisa. Anataka Bosibori aidhinishe toleo safi kwa sauti yake, sasa hivi, watu waanze kazi."

Kemuma akauliza. Bosibori alijifuta mdomo kwa bega, akachungulia jua kupitia mlango uliovunjika. Lilikuwa juu kabisa.

"Mwambie huyo Mkuu asubiri litue."

Mkuu alianza kufoka. Kemuma alichomoa kile kifaa sikioni, akakitia mfukoni, akamshika Bosibori kiuno. Wakateremka pole pole kati ya michai, wakiwa wametapakaa damu, kuelekea kwenye mahema.