Mtumiaji wa Pili

"Huna ruhusa ya kufungua faili hii."

Mara ya kwanza nilidhani ni mtandao. Nikazima kompyuta, nikawasha. Yakarudi maneno yale yale.

Jamani... asubuhi ya kuwasilisha mradi wa mwisho, kundi langu limenitoa kwenye faili!

Ngoja niwaeleze mnielewe. Nasomea kubuni skrini za programu za simu, yaani pale unapobonyeza, unaposoma, rangi na vitufe vyote. Kwetu hakuna mtihani wa kukaa na kalamu. Tunapangwa makundi, tunapewa kazi, tunajifunza humo humo tukikosea.

Na mwalimu alishasema mapema: mradi wa mwisho, ambaye kazi yake haionekani ndani ya faili ya kundi, huyo hakufanya kitu. Haendi kwenye mafunzo ya kazini. Anaanza upya au anarudi kwao.

Mimi kuanza upya nisingeweza. Mama yangu ni fundi cherehani, na masomo yangu yote yametoka kwenye cherehani ile.

Kundini tulikuwa watatu. Mimi mchora skrini. Kijana mmoja mpole tuliyemwita Mzee wa Rangi. Na Kiranja, shosti wangu wa kufa na kuzikana, aliyezoea kulala kwetu na kula kwa Mama kama mtoto wa nyumba. Yeye ndiye alikuwa msimamizi wa faili. Ni yeye peke yake angeweza kunitoa.

Nikampigia. Simu inaita, haipokelewi.

Nikapiga tena. Akakata.

Mnajua kukatiwa simu na mtu unayemwita ndugu? Nilikaa sakafuni na kompyuta mapajani, nikalia mpaka kifua kikaniuma.

Mradi wetu ulikuwa programu ya kuweka miadi kliniki. Mimi nachora, Kiranja anapeleka kwa watu waijaribu. Na kujaribisha kuna utaratibu wake. Unampa mtu simu, unamwambia aseme kwa sauti kila anachofikiria, halafu unanyamaza. Hata akikwama, humsaidii. Aliyechora haruhusiwi hata kuwemo chumbani, maana atamwelekeza kwa macho.

Kwa hiyo watu hao sikuwahi kuwaona. Kwangu walikuwa mtumiaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, basi.

Huyo wa pili ndiye aliyenitoa jasho. Kila Kiranja akirudi, habari ni yake. Wa pili hakukiona kitufe. Wa pili ameshindwa kusoma. Kuza maandishi, ongeza weusi, chora upya. Nilichora mpaka nikamchukia mtu nisiyemjua.

Siku moja nikauliza mbele ya darasa zima, hivi huyo mtumiaji wa pili ana macho usoni au vifungo vya shati?

Watu walicheka sana. Kiranja hakucheka. Aliinama akafunga kompyuta yake.

Sasa pale sakafuni nikaanza kuunganisha mambo. Kumbe hakuna cha mtumiaji wa pili wala nini! Alikuwa ananichosha makusudi, nionekane siwezi, mwisho wa siku kazi iwe yake. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na niliamini kwa moyo wote.

Nikavaa. Mama alikuwa sebuleni na gauni la mteja. Akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano, eti mikono yake ina mafuta ya cherehani. Siku hizi alikuwa ananiomba hivyo kila mara. Nikatunga haraka haraka, nikatoka bila kuaga.

Darasa lilikuwa limejaa. Wageni kutoka kampuni zinazochukua wanafunzi wameketi mbele. Kiranja anaunganisha kompyuta yake ili skrini zionekane ukutani, macho yamemvimba.

"Mwalimu," nikasema, "huyu ameiba kazi yangu."



Kiranja akaja mbio, akanishika mkono, akaninong'oneza tutoke nje kidogo. Nikauchomoa mkono wangu.

"Sitoki. Sema hapa hapa kwa nini umenitoa."

"Hapa siwezi, shosti. Nakuomba."

"Huwezi kwa sababu wewe ni mwizi."

Mwalimu hakugombana na mtu. Alisema faili inatunza kila kitu, nani kachora nini na lini, kwa hiyo tuangalie. Akaketi kwenye kompyuta ya Kiranja. Skrini zangu zikaanza kupita ukutani, moja baada ya nyingine, na kila moja ina jina langu. Hakuna hata moja iliyoguswa.

Moyo uliniambia ninyamaze. Mdomo ukakataa.

"Basi kwa nini amenifungia? Kuna nini humo asichotaka nikione?"

Mwalimu naye akataka kujua. Chini kabisa palikuwa na folda ya video, imeandikwa Mtumiaji wa Pili. Kiranja alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa.

Kwanza ilionekana mikono imeshika simu. Kidole cha shahada kina alama za sindano. Mikono ile naijua tangu inanibeba.

"Niseme kila ninachofikiria? Haya," sauti ya Mama ikajaa darasani. "Nafikiri hapa pana kitufe... au ni kivuli. Jicho la kushoto halioni tena. Na hili la kulia nalo lina ukungu."

Sauti ya Kiranja ikamwambia achague kitengo chochote, hii si miadi ya kweli.

"Natafuta macho," Mama akasema, simu imekaribia kumgusa pua. "Ingekuwa ya kweli ningeweka hiyo hiyo."

Halafu akainua uso.

"Ila mwanangu asijue, sawa mama? Akijua ataacha masomo aje ashike cherehani. Niapie."



Kiranja alinieleza huku analia. Siku moja alinifuata nyumbani akanikosa, Mama akaomba na yeye aijaribu programu, asaidie masomo ya mwanawe. Akawa anarudi kwake kila nikichora upya. Video zote alikuwa ameziweka kwenye faili kwa ajili ya wageni, ndipo akakumbuka kwamba nami nitaziona. Akanitoa kwanza ili azikate sehemu za Mama. Nilipokuwa nampigia, alikuwa katikati ya kazi hiyo, na muda ukamwishia kabla hajamaliza.

Alichokificha yeye kwa kiapo, mimi nilikifungulia ukutani mbele ya wageni.

Tulifaulu. Wageni walisema hawajawahi kuona skrini zinazosomeka vile. Nilipongezwa, nikapeana mikono na watu, na kichwani nasikia sauti yangu mwenyewe tu. Vifungo vya shati. Nilisema hivyo juu ya mama yangu, na watu wakacheka.

Nilipofika nyumbani Mama aligeuza uso mlangoni, akauliza kama ni mimi. Nikaitika. Akauliza kama tumefaulu. Nikamwambia tumefaulu. Alifurahi mpaka akapiga vigelegele peke yake.

Nikaketi karibu yake, nikampa simu.

"Mama, jaribu hii. Sema kila unachofikiria. Mimi nitanyamaza."

Aliishika muda mrefu. Kidole hakisogei. Nilitamani kumsaidia mpaka nikauma mdomo.

"Nafikiri..." akaanza. "Nafikiri mwanangu ameshajua."

Sikusema kitu.

Kidole kikashuka taratibu, kikatua juu ya kile kitufe kikubwa cheusi, bila kupapasa.

"Na nafikiri ninaogopa."

Hapo sheria ya kunyamaza ikanishinda. Nilimkumbatia, tukalia wote.

Ninyi mnaonisoma, mtu wako akikufungia mlango, kabla hujamwita msaliti, jiulize ni nani analindwa nyuma yake. Na kama nyumbani kuna mtu anayekuomba kila siku umtungie uzi, mtazame mikono. Ya Mama haikuwa na mafuta yoyote.

Miadi yetu ni Jumatatu, kitengo cha macho. Kiranja anatusindikiza.